Daraja la pili, na wa kwanza ni mtoto wa nani? Kuzisoma heshima za siku ya mahafali

Sherehe ilikuwa Kibosho, juu kidogo ya Moshi, chini ya turubai lililofungwa kati ya migomba na mibuni. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ilikuwa imeshafikishwa mbele, imesimamishwa kwenye sinia na majani mabichi mdomoni. MC akashika kipaza sauti, akatangaza kuwa mdogo wangu amehitimu shahada ya kwanza kwa daraja la pili la juu. Vigelegele vikapaa. Babu, aliyekaa kiti cha mbele na bakora yake kati ya magoti, hakupiga makofi. Aliniinamia sikioni.

"La pili? Na wa kwanza ni mtoto wa nani?"

Kabla sijamjibu, shangazi akadakia kutoka nyuma. Alikuwa ameambiwa GPA ya mtoto, yaani wastani wa pointi zake za chuo, ni 4.3, na kwa hesabu zake nne nukta tatu ni divisheni foo. Binamu yetu mmoja, anayesoma astashahada katika chuo kimoja Arusha, akasema bila nia mbaya kwamba yeye ana 3.6 na ameambiwa yuko daraja la kwanza. Wazee wakatazamana. Mwenye 3.6 awe wa kwanza, mwenye 4.3 awe wa pili?

Watu watatu, maswali matatu, na kila swali lilikuwa na mantiki yake. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea vyeti vya waombaji kazi katika ofisi moja Arusha, kwa hiyo madaraja haya hupita mezani kwangu tangu asubuhi. Lakini pale chini ya turubai nilijibu mbio mbio, na babu akaitikia kwa kichwa namna watu wazima wanavyomsitiri mtu aliyeshindwa kujieleza. Nimeona nijibu vizuri zaidi kwa maandishi, maana najua msimu wa mahafali kila nyumba ina babu wake na shangazi wake.

Babu alichanganya daraja na nafasi, na si kosa lake. Lugha yetu inatumia namba zilezile kwa vitu vyote viwili. Shule ya msingi aliyosoma yeye, mtoto alirudi na ripoti iliyoandikwa "wa 2 kati ya 60", na kila mtu alijua kuna mtoto mmoja mbele yake. Nafasi ni foleni. Akiwepo wa kwanza, hawezi kuwepo wa kwanza mwingine. Daraja la chuo kikuu halihesabu foleni. Ni mstari uliochorwa kabla mwanafunzi hajaingia darasani, na wote wanaouvuka huhesabiwa pamoja, wawe watano au hamsini. Inawezekana kozi nzima isiwe na hata mmoja wa daraja la kwanza, na anayeongoza wote akawa wa daraja la pili la juu. Kwa hiyo swali la babu halina jibu ndani ya cheti. Mtoto wa nani alikuwa wa kwanza? Pengine alikuwa huyuhuyu aliyekaa pale mbele na joho lake.

Shangazi naye alikuwa na hoja yenye mizizi mirefu zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania limetufundisha kwa miaka kwamba namba ndogo ndiyo nzuri. Kidato cha nne, A ni pointi 1, B ni 2, mpaka F ambayo ni 5, na huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye A saba ana pointi 7, na hakuna cha juu ya hapo. Divisheni wani huanzia 7 hadi 17, divisheni tuu 18 hadi 21, thrii 22 hadi 25, foo 26 hadi 33, kisha sifuri. Kidato cha sita masomo ni matatu ya tahasusi, na wani ni pointi 3 hadi 9. Mzazi aliyesomesha watoto wanne kwa mfumo huo ana haki ya kushtuka akisikia "nne" ikishangiliwa. Isitoshe, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mtindo wa GPA, kwa majina kama "distinksheni" na "meriti" badala ya divisheni, halafu muda si mrefu divisheni zikarudishwa. Shangazi alikuwa na mtoto mwaka ule. Mpaka leo anacho cheti ambacho jirani zake hawakijui kusoma.

Chuo kikuu kimegeuza upande. Huko namba kubwa ndiyo nzuri, na kilele cha shahada ya kwanza ni 5.0. Kuanzia 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, lile ambalo wanafunzi wanaliita fesi klasi. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, apa sekondi. Kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida, yaani pasi. Chini ya 2.0 hakuna shahada.

Na binamu? Binamu yuko kwenye mfumo mwingine. Vyuo vya ufundi na taaluma vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, vina ngazi zake, na kwenye ngazi za chini, za astashahada, kilele cha GPA ni 4, hakifiki 5. Hapo daraja la kwanza huanzia 3.5. Kwa hiyo 3.6 yake ni ya kujivunia kweli, na haina ugomvi wowote na 4.3 ya mdogo wangu, kama vile debe la mahindi lisivyogombana na kilo ya kahawa. Akiendelea mpaka shahada kwenye vyuo hivyohivyo atakutana na kipimo cha 5, na itabidi aizoee namba upya. Ushauri wangu kwa yeyote anayeandika GPA kwenye maombi ya kazi: andika na kipimo chake. "3.6 kati ya 4". Maneno mawili tu yanaokoa mtu kudharauliwa.

GPA yenyewe inavyopatikana

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Alama za mtihani na za kazi za darasani hujumlishwa kuwa mia kwa kila kozi. Katika mfumo unaotumika kwenye vyuo vikuu vyetu vingi kwa shahada ya kwanza, 70 na kuendelea ni A na inaleta pointi 5. 60 hadi 69 ni B+ na ni pointi 4. 50 hadi 59 ni B, pointi 3. 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Kila kozi ina uzito wake unaoitwa krediti. Pointi huzidishwa kwa krediti, zikajumlishwa zote, kisha zikagawanywa kwa jumla ya krediti.

Tuchukue semesta moja ndogo. Kozi ya krediti 12 umepata A: 60. Kozi ya krediti 10 umepata B+: 40. Nyingine ya krediti 10, B+ tena: 40. Ya krediti 8 umepata B: 24. Jumla pointi 164 kwa krediti 40, yaani 4.1. Sasa tuseme ile B+ moja ya krediti 10 uliugua siku ya mtihani ukaangukia sapu, yaani mtihani wa marudio. Katika vyuo vingi, sapu hata ukiifanya kwa alama 90 huandikwa C. Arobaini inakuwa ishirini, jumla inashuka hadi 144, na semesta yako ni 3.6. Homa ya siku moja imekula nusu pointi.

Lakini kilichonikera siku nilipokikokotoa mwenyewe mara ya kwanza ni hiki. Fikiria mwanafunzi aliyepata 69 katika kila kozi kwa miaka mitatu. Wastani wake ni 69. Kila kozi ni B+, GPA 4.0, daraja la pili la juu. Mwenzake kapata 70 kwenye nusu ya kozi na 60 kwenye nusu nyingine, krediti zikiwa sawa. Wastani wake ni 65. Nusu A, nusu B+, GPA 4.5, daraja la kwanza. Aliyejua zaidi kwa kila kozi ya nusu ya pili, na akapungukiwa alama moja tu kwenye kila kozi ya nusu ya kwanza, amekaa daraja la chini. Hakuna aliyedanganya hapo. Ngazi ndivyo zilivyo: 60 na 69 zinakanyaga kipago kimoja, 69 na 70 zinakanyaga viwili tofauti.

Kuna na mkato wa mwisho. GPA hutangazwa kwa desimali moja, na kanuni za vyuo vyetu kadhaa husema desimali zinazobaki zikatwe, zisipandishe namba. Mwenye 4.31 ni 4.3. Mwenye 4.39 naye ni 4.3. Mtoto aliyefundishwa shule ya msingi kwamba tisa hupandisha namba iliyo kabla yake hawezi kuelewa kwa nini chuoni haipandishi. Mimi naona ingetosha kuchapa desimali mbili kwenye nakala ya matokeo, kama wanavyofanya Makerere, ambako daraja la kwanza huanzia 4.40 na mtu mwenye 4.39 anajulikana kuwa alifika mlangoni.

Sabini ilitoka wapi

Wageni wa Kimarekani wanaokuja Arusha hushangaa kuona 70 ikiitwa A. Kwao 70 ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Jibu liko kwenye historia ya vyuo vyetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mpaka 1970 kila kimoja kiliposimama peke yake. Mwaka uleule wa 1963 Moshi ilipata Chuo cha Ushirika, ambacho mwaka 2014 kilikuja kuwa chuo kikuu kamili. Tulirithi utaratibu wa Kiingereza, na kwa Waingereza 70 ni mstari wa daraja la kwanza, 60 wa la pili la juu, 50 wa la pili la chini, 40 wa la tatu. Kwao mtahini hutoa 80 kwa nadra sana. Sisi tuliichukua mistari ile, tukaondoa daraja la tatu, tukaweka pasi.

Urithi huo ndio ulioleta neno "Hons", kifupi cha "Honours", yaani heshima, ambalo watu wanalibandika mwisho wa jina la shahada bila kujua linasema nini. Asili yake ni kwamba palikuwa na shahada mbili: ya kawaida, na ile ya heshima iliyohitaji mtu azame katika somo moja na kuhukumiwa kwa madaraja. Scotland bado wanazitofautisha: ya kawaida miaka mitatu, ya heshima minne. Mwalimu Julius Nyerere alipohitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alitunukiwa MA ya kawaida. Hakuwa na daraja. Alisoma kwa upana: uchumi wa siasa, historia, falsafa ya maadili, Kiingereza, na mengine. Nimewahi kumweleza hilo kijana mmoja aliyekuwa akilia ofisini kwetu kwa sababu ya pasi yake. Nilimweleza kwa sababu ni kweli, na nilimwonea huruma.

Afrika Kusini, neno hilohilo lina maana nyingine kabisa. Huko ni shahada nzima inayojitegemea, ya mwaka mmoja, baada ya shahada ya kwanza. Mtu akileta vyeti viwili kutoka Cape Town, cha pili kikiwa na neno hilo, asidhaniwe kuwa amerudia mwaka.

Meza yangu, kwa kuwa iko Arusha penye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupokea karibu kila mtindo. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kuwa ukanda wetu ni eneo moja la elimu ya juu, na nia hiyo naipenda, lakini karatasi bado zinaongea lugha nyingi. Kenya wanagawanya kwa wastani wa alama, 70 na kuendelea ndiyo daraja la kwanza. Uganda, kwa kipimo cha Makerere, A huanzia 80, na B inayoanzia 70 ina pointi 4, kwa hiyo 4.2 ya huko na 4.2 ya hapa hazikutokana na alama zilezile. Kutoka Bujumbura na Goma huja vyeti vya Kifaransa vinavyosema "distinction" au "grande distinction", urithi wa Ubelgiji. Waliosoma India huleta "First Division", ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 60. Nimeona mwajiri akiisoma kama daraja la kwanza la hapa na mwingine akiidharau akidhani ni divisheni za kidato cha nne, wote wawili kwa siku moja.

Wamarekani nao wana Kilatini chao. Cum laude ni "kwa sifa", magna cum laude ni "kwa sifa kubwa", summa cum laude ni "kwa sifa iliyo kubwa kupita zote". Shida ni kwamba chuo kimoja hutoa kwa kuvuka GPA fulani, kati ya 4, na kingine hutoa kwa sehemu fulani tu ya wahitimu walio juu, hata kama wote wamefanya vizuri. La kwanza ni daraja. La pili limeshakuwa foleni ya babu.

Zawadi, na heshima isiyo na mtihani

Foleni ya babu ipo kwenye mahafali yetu pia, ila inaitwa zawadi. Mwanafunzi bora wa mwaka, bora katika somo la hesabu, bora wa kike katika sayansi: hapo ni lazima mmoja ashinde na wengine wakose. Mara nyingi watu huona bahasha na cheti kidogo wakadhani ndicho kipimo kikubwa kuliko daraja. Sivyo. Zawadi inakuambia nani alikuwa mbele ya wenzake wa mwaka ule, na haisemi mwaka ule ulikuwaje. Daraja linakuambia mtu alivuka mstari gani, na halisemi wangapi waliuvuka. Ukitaka kumjua mtu, soma vyote viwili pamoja.

Kupanga watu kwa foleni kuna historia ya kuumiza. Cambridge, waliohitimu hisabati walisomwa kwa mpangilio wa ufaulu, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho kabisa alishushiwa kijiko kikubwa cha mti mbele ya umati. Kijiko cha mwisho kilitolewa mwaka 1909, kisha utaratibu wa kutangaza nafasi ukaachwa. Kwenye orodha hizohizo, mwaka 1890, msichana aitwaye Philippa Fawcett alitajwa kuwa "juu ya" mwanaume aliyeshika nafasi ya kwanza. Shahada hakupewa, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuipokea, na Cambridge haikuwapa shahada kamili mpaka 1948. Nikimwona mdogo wangu ndani ya joho namkumbuka msichana yule. Hapa kwetu Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora Januari 2023. Wapo waliolalamika kuwa ari ya ushindani itakufa. Mimi nilifurahi, maana nimefundisha tuisheni Majengo na ninazijua nyuso za watoto wa namba 11.

Sasa kuna heshima ya tatu, na hii inatuchanganya kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Tunasema "shahada ya heshima" kwa vitu viwili visivyohusiana. Kimoja ni hiyo ya madaraja niliyoieleza. Kingine ni shahada ambayo chuo humtunuku mtu kwa mchango wake katika jamii, hajakaa darasani wala hajafanya mtihani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia Suluhu Hassan udaktari wa heshima tarehe 30 Novemba 2022. Hiyo ni shukrani ya chuo, na ina uzito wake, lakini haina GPA na huwezi kuipeleka kuombea kazi ya uhadhiri. Ningependa tukubaliane kuliacha neno "shahada ya heshima" kwa aina hii pekee, na ile nyingine tuitaje kwa daraja lake. Itatupunguzia ugomvi kwenye vikao vya ukoo.

Na kuna wahitimu ambao cheti chao hakina daraja kabisa. Mama mmoja wa Machame aliwahi kuniuliza kwa wasiwasi kwa nini mwanawe daktari, aliyesoma miaka mitano, hana hata hilo la pili la chini. Shahada ya udaktari wa tiba, MD, hapa nchini kwa desturi haigawanywi madaraja, na ndivyo ilivyo pia kwa shahada nyingi za uzamili na za uzamivu. Umefuzu au hujafuzu. Kwa daktari naona ni busara: mgonjwa aliyelazwa KCMC saa nane usiku anahitaji kujua kuwa kila anayekuja na stethoskopu anatosha. Anayetaka kumpima daktari zaidi ya hapo asome nakala ya matokeo, kozi kwa kozi.

Milango ambayo namba hufungua

Kazi nyingi haziulizi daraja. Zinauliza shahada, na baada ya hapo ni usaili. Lakini kuna mahali namba ina nguvu kubwa, na vijana huchelewa kujua. Kujiunga na uzamili, vyuo vingi hutaka angalau 2.7, yaani daraja la pili la chini, na mwenye pasi mara nyingi huelekezwa kwanza stashahada ya uzamili. Anayetoka stashahada kwenda shahada hutakiwa GPA ya 3.0 kama kiwango cha chini. Na kubaki chuoni kufundisha, ngazi ya kwanza kabisa ya mkufunzi msaidizi, matangazo mengi ya kazi ya vyuo vyetu hutaka 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Angalia hiyo 3.8 ilipoketi: katikati ya daraja la pili la juu. Wawili wenye daraja lilelile kwenye cheti, mmoja 3.7 na mwingine 3.8, mmoja anaweza kuomba na mwingine hawezi. Tena hiyo ya shahada ya kwanza haifutiki. Hata ukipata uzamili mzuri, matangazo huirudia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayedhani ataanza kujipanga mwaka wa tatu, hizo krediti za mwaka wa kwanza zinamsubiri.

Wiki mbili baada ya sherehe nilipanda tena Kibosho, nikiwa na nakala ya matokeo ya mdogo wangu kwa ruhusa yake. Babu alivaa miwani. Tuliipitia kozi moja moja, mimi nikimsomea na yeye akifuata kwa kidole. Krediti za miaka mitatu zilikuwa 360, pointi zote 1,574. Nilimgawia kwenye kikokotoo cha simu: 4.372. Ikikatwa ni 4.3. Ili kufika 4.4 zilihitajika pointi 1,584. Zilipungua kumi.

Kidole cha babu kilirudi juu, mpaka semesta ya tatu, kwenye kozi ya krediti 10. Alama 69. B+.

"Hapa angepata sabini?"

Nikamwambia pointi 4 zingekuwa 5, mara krediti 10, zingeongezeka kumi kamili. Ingekuwa 1,584. Ingekuwa daraja la kwanza.

Alinyamaza. Mdogo wangu alikuwa jikoni na shangazi, tulisikia wakicheka. Yeye analijua hilo tangu siku ya matokeo na alishalilia, akaliacha.

"Aliyesahihisha," babu akauliza, "alijua kuwa ni moja tu?"

"Hakujua, babu. Karatasi huwa na namba, hazina majina. Na hajui kozi nyingine atapata ngapi."

Akaitazama ile 69 kwa muda, akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo. Nikamwambia hiyo ni nakala, ile halisi anayo mwenyewe. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, kisha akamwita mdogo wangu aje wanywe chai pamoja.